Nilivyowasimulia Wamormoni Kabla ya Kuwajua

Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, maana wamezoea zile sauti nzito za kiume zinazotafsiri filamu za mapigano kwenye mabanda ya video. Mimi hupewa za kulia na za mauaji ya kweli. Bosi wangu, ambaye nimemzidi umri na huniita dada, anasema sauti yangu humfanya mtu aache kutafuna.

Studio yetu ni chumba kimoja kule Kizota, hapa Dodoma, mgongo kwa mgongo na karakana ya kuchomelea mageti. Kuta tatu tumezifunika magodoro. Ukuta wa nne, ule wa upande wa karakana, ni bati tupu, na hata ungeuvika magodoro kumi mlio wa grenda, ile mashine ya kukatia vyuma, ungepita tu. Kwa hiyo ratiba yetu hupangwa na mafundi wa jirani. Wao wakienda kula, sisi tunawasha maiki. Wakirudi, tunazima na kuandika tafsiri ya kipande kinachofuata.

Mwaka juzi bosi alikuja na mfululizo wa Kimarekani wa vipande sita. Habari ya mauaji kwenye familia moja iliyokuwa ikiishi jangwani, mume mmoja na wake kadhaa, watoto wengi, na kiongozi mwenye ndevu aliyedai kuongea na Mungu kila asubuhi. Alitaka tuuweke kwenye chaneli yetu ya mtandaoni haraka kabla wengine hawajauona.

"Hawa wanaitwa Wamormoni," aliniambia. "Dini ya siri. Sema hivyo tangu mwanzo, 'dini ya siri', watu wakae."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno lenyewe. Nililitamka mbele ya maiki mara kadhaa kulizoea, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, nimelelewa na mama wawili katika boma moja. Kwa hiyo kuhusu wake wengi sikuona cha kunishtua. Kilichonishangaza ni namna filamu ilivyoshangaa. Kila mke mpya alipotokea, muziki ulishuka chini na picha ikapunguzwa mwendo, kana kwamba mwanamke yule alikuwa na kisu nyuma ya gauni. Nilijiuliza wangepiga muziki gani siku mama yangu mdogo alipoingia kwetu na godoro lake na kuku wawili.

Udadisi ukanishika. Nikifika nyumbani nilitafuta neno lile kwenye simu, na kila nikitafuta naletewa kitu tofauti. Kulikuwa na habari za mauaji, nyingine kabisa, si za ile familia ya jangwani. Kulikuwa na kina mama weupe wenye nywele zilizopangwa vizuri, wakionyesha majiko yao makubwa na watoto waliovaa nguo za rangi moja, wakitufundisha kuoka mikate. Kulikuwa na vichekesho vya vijana wawili wenye mashati meupe na tai wanaobisha hodi huku watu wakijificha nyuma ya makochi. Mara mtu wa habari anazungumzia utajiri wa kanisa, mara mwingine analia kwamba ametoka humo na hatarudi. Nilijaribu kuwaunganisha watu wote hao wawe kundi moja nikashindwa. Muuaji wa jangwani na mama wa mikate wanakutana wapi?

Sikujua kwamba jibu, au sehemu yake, lilikuwa chumba cha tatu kutoka changu.

Ninaishi Chang'ombe, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita vinavyotazamana, uani bomba moja. Miezi kadhaa kabla ya mfululizo ule alihamia msusi mmoja, Msandawe kutoka Chemba, mdogo wangu kwa umri, mpole, mwenye vidole vyepesi ajabu. Siku ya kuhamia, mama mwenye nyumba alimchemshia chai ya tangawizi kumkaribisha. Yeye alishika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia.

"Ahsante sana mama. Naomba maji ya moto tu."

Mama mwenye nyumba ni Mgogo, mzaliwa wa Buigiri, Mwanglikana wa kuzaliwa, na chai yake hairudishwi.

"Wewe Msabato?"

"Hapana mama. Wasabato husali Jumamosi, sisi Jumapili."

"Mlokole basi."

"Hapana."

"Sasa dini gani inakataza majani ya chai?"

Akataja kanisa la jina refu sana, ambalo hakuna aliyelishika. Kuanzia siku ile pale uani aliitwa mtu wa maji ya moto, na mambo yakaishia hapo. Jumapili aliondoka amevaa sketi ndefu, akarudi mchana, akaendelea kusuka.

Siku moja nilikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake anisuke twende kilioni. Nikawa namsimulia kazi yangu, maana kusukwa bila maongezi ni adhabu. Nikamwambia habari ya jangwa, ya yule mzee mwenye ndevu, ya wake na watoto. Nikasema, "Wanaitwa Wamormoni."

Vidole vyake vikasimama.

"Dada," akasema nyuma ya kichwa changu, "hao ni sisi."

Niligeuka ghafla, akanirudisha kichwa mbele taratibu kwa sababu alikuwa ameshika nywele. Kwa hiyo sikuuona uso wake, na mpaka leo sijui ulikuwaje. Nilicheka kwanza, nikidhani utani. Kisha nikakumbuka maji ya moto.

"Wewe? Yaani hao hao?"

"Jina refu nililosema ndilo letu. Hilo la Wamormoni tumepewa na watu, siku hizi hata hatulitumii sana. Hebu niione."

Nikaiweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, nikawasha kipande cha kwanza, kile nilichokwisha kukiingizia sauti. Tukaangalia hivyo, yeye amesimama nyuma yangu, mikono yake ikisuka na kusimama, kusuka na kusimama. Kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema "dini ya siri" huku mwenye dini ameshika kichwa changu, nilijisikia kama mgeni aliyeingia chumba cha mtu bila hodi. Lakini hakuniambia ninyamaze. Kipande kilipoisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Hiyo nchi yao ni kavu vile kweli? Mbona kama kwetu?"

"Ndiyo. Ni jangwa."

"Mimi nilidhani kule kila mahali ni kijani." Akafunga uzi. "Nimeangalia nijione mahali popote, dada, sijajiona. Ila ule mwanzo, kabla hujaanza kuongea, kuna maandishi madogo yalipita. Yamesemaje?"

Nilikuwa nimeyaona maandishi yale nikayaruka, kwa sababu bosi alitaka tuanze moja kwa moja na mlio wa risasi. Tukarudisha nyuma. Yalieleza kwamba kundi lile lilijitenga miaka mingi iliyopita, na kwamba kanisa kubwa halilitambui.

"Sasa si wamesema wenyewe," alisema.

"Lakini zamani mlikuwa na wake wengi?"

"Zamani sana, ndiyo. Siwezi kukuficha. Wakaacha kabla bibi yangu hajazaliwa. Siku hizi ukioa mke wa pili unatolewa."

"Unatolewa!" Nilicheka kweli. "Basi baba yangu msingempokea."

Hakucheka. Alisema tu, "Si baba yako peke yake," akaendelea kusuka, na nikaona kuna kitu amekimeza. Nilitamani kukijua, lakini sikumsukuma.

Jumapili iliyofuata nilimwomba nimsindikize. Nilimwambia wazi kwamba sibadilishi dini, nataka kuona tu. Akasema kuona ni bure.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siri. Nilitarajia milango mizito, labda mishumaa. Nikakuta nyumba ya kawaida, viti vya plastiki, feni inayolia, na mtoto anayekimbizwa na mama yake katikati ya wimbo. Hakukuwa na mchungaji wa kupaza sauti. Aliitwa mama mmoja muuza mboga akaeleza jinsi alivyogombana na wifi yake na jinsi alivyoomba radhi. Mwingine, mwanafunzi wa chuo, aliongea Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya darasani mpaka wazee wakawa wanatazamana. Vijana wawili wa mashati meupe niliowaona kwenye vichekesho walikuwepo kweli, na mmoja alikuwa Mganda. Wote wawili waliniamkia shikamoo, yule mzungu akaitamka kwa bidii kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Meza ya mbele ilikuwa na mikate iliyofunikwa kitambaa cheupe na vikombe vidogo vya maji, maana divai hawanywi. Mwanamume mwenye shati jeupe lililompwaya mabegani alipiga magoti kubariki mkate, akisoma maombi kwa kufuatisha kidole mstari kwa mstari. Nilimtazama mikono. Ilikuwa na makovu madogo ya cheche. Nikamtazama uso. Ni mmoja wa mafundi wa karakana ya Kizota, yule wa grenda, adui wa maiki yangu.

Baada ya ibada alinifuata mlangoni akitabasamu mpaka masikioni.

"Dada wa sauti! Karibu. Kumbe na wewe?"

"Nimesindikiza tu."

"Nimekuwa nakusikia," alisema. "Bati lile halizuii kitu. Wenzangu wakienda kula mimi hubaki na chakula changu, nasikiliza."

Kwa wiki tatu mtu huyu alikuwa amekaa upande wa pili wa bati akila ugali wake huku mimi nikiwaita watu wake dini ya siri. Nikaanza kumwomba radhi. Yeye akanisogelea na kushusha sauti.

"Nauliza hivi. Yule mke mdogo, aliyekimbia na watoto kwenye gari la jirani, alifika? Maana pale wenzangu walirudi wakawasha mashine, nikakosa."

Nilishindwa kujizuia kucheka, na yule jirani yangu msusi naye akacheka. Nikamwambia alifika. Akashusha pumzi kama mtu aliyepata habari za ndugu.

"Ila wale si sisi," aliongeza. "Nafikiri unajua."

"Sasa najua."

"Mimi sikukasirika. Nilikuwa nawaza tu, huyu dada angekuja akatuona, angesemaje."

Jumatatu nilimwambia bosi nataka kusoma yale maandishi madogo ya mwanzo, na neno "dini ya siri" litoke. Alinitazama kama mtu aliyeomba kufuga ng'ombe studio.

"Dada, hapa Dodoma hakuna anayewajua hao watu. Nani atalalamika?"

"Fundi wa grenda ni mmoja wao."

Akadhani nimechanganyikiwa. Nikampeleka nje hadi mlango wa karakana nikamwonyesha. Fundi alikuwa ameinama na miwani yake myeusi, cheche zinaruka. Bosi alimwangalia, kisha akauliza, kwa udadisi ule ule ulionishika mimi, "Ana wake wangapi?"

"Mmoja. Na chai hanywi."

"Chai hanywi?" Hilo ndilo lililomtikisa. Tulibishana mpaka mafundi wakaenda kula, akakubali nisome maandishi kwa kuwa yamo ndani ya filamu yenyewe. Lakini jina la video, na ile picha ya mbele, alisema ni vyake. Aliweka picha ya mzee mwenye ndevu na maneno mekundu: DINI YA SIRI YA WAKE WENGI. Sikuweza kumzuia.

Video iliangaliwa kuliko zote tulizowahi kuweka. Nilisoma maoni ya watu kama ninavyosoma matokeo ya mitihani. Mmoja alisema wake wengi nyumba moja ndicho kilichowaua, kila mmoja angejengewa kwake. Mwingine aliuliza hao watu walikuwa wanalima nini jangwani. Wengi walisikitikia watoto. Na mmoja akaandika: hawa si ndio wale vijana wa mashati meupe wanaopita Chang'ombe? Chini yake watu wakaanza kujibizana.

Haikuchukua muda. Vijana wale wakawa wanaitiwa barabarani, "Wake wangapi?" Halafu mama mwenye nyumba akaiona video kwa mjukuu wake. Akatambua sauti yangu, akaunganisha na maji ya moto na lile jina refu, akatoka uani alasiri moja tukiwa tunamenya karanga. Msusi alikuwa nasi.

"Mwanangu," alimwambia, bila ukali lakini bila kuzunguka, "mimi nina wajukuu wa kike humu. Nataka kujua. Nyie ni wale wa kuoana wengi wengi na kuuana?"

Nilifungua mdomo kujibu mimi, maana niliona moto ule nimeuwasha kwa sauti yangu. Msusi akanigusa goti.

"Mama, naomba nikueleze habari ya mama yangu mzazi," alisema.

Ndipo nikasikia kile alichokuwa amekimeza siku ile. Mama yake ni mke wa pili. Alikuja mjini kumtembelea binti yake, akaenda naye kusali, akapenda. Alipenda nyimbo, na alipenda kwamba wanawake nao husimama kuongea. Akaomba abatizwe. Wakamwuliza habari za ndoa yake, akasema kweli. Wakamweleza, kwa upole lakini kwa wazi, kwamba mtu aliye katika ndoa ya wake wengi hawezi kubatizwa mpaka hali hiyo iishe.

"Mama akauliza, iishe vipi? Baba ni mzee, haoni vizuri. Akasema, 'Nikimwacha leo nani atampikia uji? Mke mwenzangu magoti yanamuuma.' Basi akarudi Chemba. Kila akija huku tunakwenda naye, anakaa kiti cha nyuma, anaimba. Sinia la mkate likipita analipisha."

Mama mwenye nyumba aliacha kumenya. Ganda la karanga lilibaki mkononi mwake.

"Subiri kwanza," alisema. "Mama yako amekataliwa kwa sababu ya uke wenza, na sisi huku tunasema nyie ndio wa wake wengi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umebaki kwao?"

"Nimebaki. Niliumia, siwezi kudanganya. Lakini mama mwenyewe aliniambia nisigombane na mtu kwa ajili yake."

Mama mwenye nyumba alinigeukia. "Na hilo kwenye video yako halimo."

"Halimo, mama."

"Basi habari zao mlizitafuta vibaya," alisema, akarudi kwenye karanga zake. Baadaye nikamsikia kwa mara ya kwanza akimwuliza msusi kama maji anataka ya moto sana au ya vuguvugu.

Baba wa msusi alifariki mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya mtama. Tulikwenda kuzika, mimi na mama mwenye nyumba na fundi wa grenda. Nilifikiri sasa yule mama atakimbilia ubatizo. Binti yake naye alifikiri hivyo, akamwuliza mara tu siku za msiba zilipopita. Mama akamjibu, "Niacheni kwanza nimlilie mume wangu," na akamlilia karibu mwaka mzima. Wakabaki wajane wawili katika nyumba ile, mke mkubwa na mke mdogo, wakilima kashamba kamoja.

Alipokuja hatimaye, hakuja peke yake. Mke mkubwa, mwenye magoti mabovu, alisema hawezi kukaa nyumbani huku mwenzake anazamishwa majini na watu asiowajua. Wiki ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao, kwa hiyo walinunua maji ya bowsa, lile lori la tangi, kujaza kisima cha ubatizo. Mke mkubwa aliyatazama maji yale mengi kwa huzuni ya mkulima wa Chemba.

Mke mdogo alishuka ngazi akiwa na nguo nyeupe kuanzia shingoni hadi miguuni. Fundi wa grenda ndiye aliyembatiza. Alimshika mkono, akasema maneno yake, akamlaza nyuma majini. Mashahidi wawili waliosimama pembeni wakatikisa vichwa. Mguu ulikuwa umeibuka juu ya maji, na kwao lazima mtu azame mzima. Ikabidi warudie.

Mke mkubwa, aliyekaa kiti cha mbele pembeni yangu, akasema jambo kwa sauti katika ile lugha yao ambayo ulimi hugonga kaakaa. Msusi akaziba mdomo kwa mkono.

"Anasemaje?" nilimnong'oneza.

"Anauliza, anazamishwa mara mbili kwa sababu alikuwa mke wa pili?"

Nilicheka nikashindwa kuacha. Kicheko kikaenda viti vya nyuma, kikarudi mbele, mpaka mama mwenyewe majini akakisikia, akauliza kuna nini, akaambiwa. Alicheka akishikilia ukingo wa kisima, maji yakimtiririka usoni, na fundi akasubiri atulie. Mara ya pili alizama mzima.

Baadaye tulikula wali na mchuzi wa kuku, tukawasindikiza wajane hadi stendi kuwahi gari la Chemba. Mke mkubwa alikataa binti abebe mfuko wenye nguo mbichi. Aliubeba mwenyewe, unadondosha matone njia nzima, akimkaripia mwenzake kwamba kichwa hakijakauka na usiku kwao kuna baridi. Mwenzake akafunga kitenge kichwani, akapanda gari, akasogea dirishani, na mke mkubwa akakaa pembeni yake.